Jiwe Kwenye Chetezo

Umeme ulikatika Ijumaa ukarudi Jumapili, na Jumatatu asubuhi nilikuwa nimekaa juu ya kreti ndani ya ghala langu la samaki, nikinusa samaki mmoja mmoja. Vijana wa kazi ninao, wana nguvu, na kila mmoja ana pua yake usoni. Lakini akiinua changu au kolekole hunitazama mimi. "Mama, huyu?" Nanusa, nasema huyu auzwe, huyu atupwe, naye anafanya nilivyosema. Kufika saa nne mgongo ulikuwa umeniisha. Nilichoka ule uchovu wa mtu asiye na wa kumwuliza.

Chini kabisa ya kasha la mwisho kijana mmoja akatoa kitu ambacho si samaki. Kilikuwa kipande cha jiwe la matumbawe, labda kilinaswa na wavu kikazolewa pamoja na barafu. Kimeoza. Akanisogezea kwa mazoea tu, nami nikanusa kabla sijajua ninanusa nini, na mdomo ukasema wenyewe, "Maiti." Vijana wakacheka, wakadhani mama kachoka hadi anaweweseka. Mimi sikucheka. Tangu utoto sikuwa nimelitaja jiwe kwa neno hilo.

Nitaeleza, na nitaeleza kwa maneno yangu, mengine sina. Shule nilitoka darasa la sita. Watu wakiniuliza nimesoma wapi huwaambia darasa la sita na pua. Nyumba nimejenga, ghala nimejenga, watoto wangu wamesoma mpaka wenyewe wakasema basi. Sioni haya kwa lolote katika hayo.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Mombasa miaka ile ya tisini mtakumbuka hoteli za watalii zilivyokuwa na matangi makubwa ya kioo pale mapokezi, yamejaa samaki wa rangi. Waliobahatika kuingia waliwaona samaki. Mawe walimokuwa wakijificha hamkuyaangalia, na si kosa lenu, hakuna aliyeyaangalia. Lakini tangi la maji ya chumvi haliishi bila jiwe. Si jiwe la kujengea. Ni jiwe la baharini, limetobokatoboka kama mkate wa mofa, na ndani ya matundu yake kumejaa roho: kaa wadogo kama punje ya kunde, nyungunyungu wa baharini, viti vya pweza, wale wa umbo la nyota, wenye mikono myembamba kama uzi, na vitu vingine ambavyo jicho halivioni. Hao ndio wanaokula uchafu wa samaki na kuyasafisha maji. Jiwe likiwa hai, tangi lina afya. Likiwa limekufa ndani, linaoza polepole, na samaki wote huelea matumbo juu.

Baba yangu alikuwa mchagua mawe. Alitoka upande wa Kwale, akaja mjini kijana akifuata kazi za bahari, akaishia kwenye ua wa mtu mmoja tuliyemwita Bwana Athman, upande wa Liwatoni. Ua ule ulikuwa na mapipa na mabeseni ya saruji yaliyojaa maji ya bahari, na mipira myembamba ya hewa ikivuma usiku na mchana. Samaki walikaa upande wenye kivuli, mawe upande mwingine. Mengine yalikwenda kwenye hoteli zetu, mengine yalifungwa kwa magazeti mabichi, yakatiwa kwenye makasha meupe mepesi na kwenda kupanda ndege. Aliyekuwa mchaguaji kabla ya baba alifukuzwa kwa sababu ya jiwe moja tu. Lilifika Ulaya limeoza, likaozesha na wenzake. Kisa hicho Bwana Athman alikisimulia kila mwezi kama hadithi ya kulalia.

Kuchagua kwenyewe kulikuwa hivi. Kwanza unalipima jiwe mkononi, na zuri ni jepesi kuliko linavyoonekana. Kisha unaangalia rangi. Zambarau na waridi ni heri, kijani cha utelezi ni shari. Kisha unaliweka sikioni, kwa sababu kuna kamba fulani mkorofi ambaye hujificha tunduni na kupiga ngumi, tak, tak, na akiingia kwenye tangi anawamaliza samaki. Ukishayafanya yote hayo unanusa. Jiwe linaweza kuwa zuri kama bibi harusi kwa nje na ndani limekufa. Jicho hudanganywa. Pua haidanganywi.

Nilikuwa mtoto wa madrasa bado baba alipoanguka. Ngazi za pale ufukweni Liwatoni zilikuwa na utelezi wa mwani, akateleza na gunia la mawe begani, akajipiga kisogo. Akalala siku hiyo, kesho yake akarudi kazini. Nyumbani hakuna aliyekuona kuanguka kule kuwa jambo kubwa. Mama alimkanda kwa maji ya moto, mambo yakaisha.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kunichukua uani. Mwanzo Jumamosi tu, halafu na siku za katikati ya juma pale makasha yalipokuwa yakifungwa. Mama akiuliza mtoto wa kike anakwenda kufanya nini kwenye maji machafu, baba alimjibu kwamba ananifundisha kazi, kazi haina mke wala mume. Mimi nilikuwa najiona malkia. Nilikalia ndoo iliyopinduliwa, baba amechutama mbele yangu, analichota jiwe kutoka kwenye beseni, analipima, analitazama, analisikiliza, kisha ananisogezea puani.

"Hili?"

Nilikuwa na majibu matatu, aliyonipa yeye mwenyewe siku ya kwanza. Jiwe linalonukia bahari, kama mchanga baada ya mvua, ni zima. Lenye harufu ya mtaro, hata kidogo, ni gonjwa, lirudishwe kwenye beseni lisuguliwe kwa brashi, lingojewe. Linalonuka yai viza ni maiti.

Mimi nasema, "Zima," naye anatikisa kichwa polepole. "Hasa."

"Gonjwa."

"Hasa."

Hata mara moja hakuniambia nimekosea. Mwalimu wa madrasa alinichapa nikikosa herufi moja, mwalimu wa shule alinisimamisha kona nikikosa hesabu, lakini kwa baba nilikuwa sikosei. Nilijua, kama mtoto anavyojua mambo, kwamba baba anayo majibu yote na ananijaribu tu, kama mtu anayemshika mtoto mkono huku anamwambia tembea mwenyewe. Nikapanda kichwa. Nilikuwa nikipita barabara ya Ndia Kuu mbele za wenzangu pua juu, kweli pua juu, nikiwaambia kuna kazi baba yangu anaijua yeye na mimi tu katika Mombasa nzima.

Nyumbani kwetu palikuwa chumba na ukumbi, ghorofa ya juu, kichochoro cha nyuma ya Ndia Kuu, na chini yetu duka la vinyago. Mama alikuwa mtoto wa Mji wa Kale, kwa baba na kwa mama. Jamaa zake hawakumtaka baba, walisema hana kwao na ananuka shombo. Mama akamtaka hivyo hivyo. Na shombo hiyo aliipiga vita kwa silaha za kwao. Kila Alhamisi jioni alioga, akajitanda leso safi, akaweka kikuba cha asmini na rehani kifuani, akatia makaa kwenye chetezo na udi juu yake. Alifukiza kitanda, akafukiza kanzu ya baba ya Ijumaa, akafukiza na mapazia. Baba akirudi kutoka msikitini baada ya magharibi alikuwa akisimama mlangoni, anavuta pumzi mpaka kifua kinamjaa, anasema, "Leo tumeingia peponi na viatu." Na mama humjibu, "Vua viatu basi." Kila Alhamisi maneno yale yale, na kila Alhamisi wanacheka kama ndiyo mara ya kwanza. Mimi nikiwa mdogo nilidhani ni sehemu ya ibada.

Sikumbuki maneno yale yalikatika lini. Nakumbuka tu kwamba yalikatika. Baba akawa anaingia, anatoa salamu, anavua kofia, anauliza chakula. Mama amesimama na kikuba chake, moshi bado unapanda, na mtu anampita kama anapita mlingoti wa taa. Na chakula nacho, baba akawa anatia chumvi kabla hajaonja. Anatia pilipili, anakamua ndimu, wali wa nazi wa mama anaufanya kachumbari. Mama alimtazama akifanya hivyo, na mimi nilimtazama mama. Nilifikiri amekasirika kwa sababu mimi na baba tunarudi na harufu ya mawe. Nikawa naoga mara mbili.

Mwaka huo akaja mama mkubwa, dada yake mama, aliyekuwa akikaa Nairobi, ambako mumewe alikuwa na duka la nguo. Alikaa kwetu likizo, analala nami ukumbini, na macho yake hayakukosa kitu. Alimwambia mama jambo lile ambalo mama alikuwa amelikataa kujiambia. Mwanamume asiyesikia udi wa mkewe, alisema, ana udi mwingine mahali pengine. Walisema mengi siku zile, mimi nikijifanya nimelala. Mwisho mama akakubali. Jumamosi mama mkubwa angepanda basi Mwembe Tayari kurudi Nairobi, na mama angepanda naye, na mimi pia. Baba angeambiwa tukishafika. Nguo zangu zilikwisha kutiwa kwenye furushi chini ya kitanda changu cha ukumbini, na mimi nikaapishwa nisiseme.

Sikusema. Lakini mtoto ana njia zake. Alhamisi ile tulikuwa tunarudi kutoka uani, baba ameshika mkono wangu tunapita kwenye mikokoteni ya maji, na mimi naiwaza ile safari. Nairobi sikuijua. Nilijua tu kwamba huko hakuna bahari na hakuna atakayenisogezea jiwe na kusema hasa. Basi nikasema kile nilichoona hakijakatazwa.

"Baba, mama huumia usiposema kitu akifukiza."

Akapunguza mwendo. Hakuuliza kuumia vipi, wala nani kaniambia. Tulitembea mpaka karibu na nyumba ndipo akasema, kama anajisemea, "Leo nitasema."

Yeye akapitiliza msikitini, nami nikapanda ngazi nikirukaruka, nikadhani nimeiponya nyumba.

Kitu ambacho mimi na baba hatukukijua ni kwamba juu kulikuwa kumeandaliwa mambo mengine. Siku chache kabla nilikuwa nimeleta jiwe nyumbani, dogo, la zambarau nzuri, baba aliniruhusu kwa sababu lilikuwa limevunjika. Nililitia kwenye sufuria ya maji ya bahari chini ya mtungi. Hapakuwa na hewa ya mpira, hapakuwa na kitu, na kufika Alhamisi lilikuwa maiti wa kweli, uvundo unashuka mpaka ngazini. Mama mkubwa alitaka kulitupa. Mama akamzuia. Alikuwa ameoga, amevaa leso yake safi, lakini kikuba hakuweka. Alichukua chetezo, hakutia kaa wala udi. Akalichukua jiwe langu kwa kipande cha gazeti, akaliweka ndani ya chetezo, akakisukuma chetezo chini ya kitanda, mahali pake pa kila Alhamisi. Mama mkubwa akamwuliza ana wazimu. Mama akasema kama mume wake hana neno kwa harufu nzuri, leo atakuwa na neno kwa mbaya, na hilo neno ndilo yeye mama atakalosafiri nalo Nairobi.

Mimi niliambiwa nikae ukumbini na nisifungue mdomo. Nilikaa na leso puani. Harufu ya yai viza kwenye chumba kilichofungwa madirisha, mwenye kuijua anaijua.

Baba akarudi kutoka msikitini. Alisimama mlangoni pa chumba. Nilimwona macho yake yanazunguka chini, yanatafuta, mpaka yakakiona kipembe cha chetezo kikichungulia chini ya kitanda. Akatulia. Akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa, kama zamani, kama zamani kabisa.

"Leo tumeingia peponi na viatu," akasema.

Mama mkubwa alikuwa nyuma yangu amejibana pua. Mama alikuwa amekaa kitandani. Alimtazama baba, uso wake nikauona unageuka, hasira inaondoka na kitu kingine kinaingia mahali pake taratibu, kama maji yanavyoingia kwenye beseni.

"Baba Zuhura," akasema, "ni udi gani huo unaousikia?"

"Si ndio ule wako, ule unaoupenda?"

Mama akainama, akakivuta chetezo, akalitoa jiwe kwa mkono mtupu, bila gazeti, akalitia kwenye kiganja cha baba. Baba akalishika. Alilipima uzito bila kutaka, kwa mazoea ya mikono yake, na akalitambua. Nilimwona alivyolitambua. Akaketi chini, pale pale alipokuwa amesimama.

"Tangu lini?" mama akauliza.

"Tangu nilipoanguka."

"Husikii kitu?"

"Sisikii kitu. Udi, moshi, bahari, chakula chako. Vyote sawa na maji."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia wewe, wewe ungemwambia dada yako. Dada yako angeuambia mtaa. Bwana Athman angezipata habari kabla ya adhuhuri, na mchaguaji asiye na pua anachagua nini?"

Mama mkubwa alitaka kujitetea, mama akamnyamazisha kwa kidole bila kumgeukia. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo si mwanamke."

Baba akainua kichwa. "Mwanamke gani?"

Hapo mama akacheka. Alicheka mpaka machozi, akajifuta kwa ncha ya leso, akacheka tena, na baba bado ameshika lile jiwe kama mtu aliyepewa mtoto ambaye hajui ni wa nani. Ndipo kicheko kikamkatika mama ghafla. Alikuwa mwepesi wa akili mama yangu, kuliko mimi, kuliko sisi sote.

"Basi huko uani," akasema, "ni nani anayenusa?"

Baba akainamia lile jiwe mkononi mwake. Mama akageuka akanitazama mimi pale ukumbini, na mama mkubwa naye akanitazama, na mwisho baba. Mimi nilikuwa wa mwisho kufahamu.

Watu hudhani mtoto angefurahi. Kumbe baba alikuwa akinitegemea, kumbe mimi ndimi niliyekuwa pua ya nyumba nzima. Sikufurahi. Kwanza nilihisi nimeibiwa. Zile hasa zote. Nilizihesabu kama maksi, nilizijivunia mbele za watoto wa watu, na kumbe hakuna aliyekuwa anasahihisha. Baba hakujua nimepata wala nimekosa. Alikuwa anasema hasa kwa sababu hana lingine la kusema. Halafu, baada ya kuibiwa, nikaogopa. Nikafikiria yale makasha meupe yote yaliyopanda ndege kwa neno langu. Je, kama mafua yalinibana siku moja? Je, kama nilisema zima nikiwa nawaza kucheza? Nyuma yangu nilidhani kuna mtu mzima amesimama. Nilipogeuka palikuwa patupu.

Usiku ule mama alifungua madirisha yote. Jiwe alilitoa yeye mwenyewe, akaenda kulitupa. Aliporudi aliosha chetezo, akatia kaa, akatia udi, akafukiza chumba upya. Mama mkubwa alimwuliza anamfukizia nani sasa. Mama akamwambia, "Dada, likisikika hili mtaani, usinijue tena." Na kwa haki yake niseme, mama mkubwa hakulisema. Alikuwa na ulimi, lakini alikuwa na damu ya undugu pia.

Jumamosi tulimsindikiza Mwembe Tayari, sote watatu. Baba alimbebea mzigo wake, na furushi langu lilibaki nyumbani limefunguliwa. Mama mkubwa akiwa ameshakaa dirishani mwa basi alimwita baba karibu, akamwambia ajikande kisogo kwa mafuta ya habasoda, huenda pua ikarudi. Baba akasema atajaribu. Alijaribu miaka na miaka. Haikurudi.

Kutoka pale tulikwenda moja kwa moja uani, mimi na yeye. Nikakaa kwenye ndoo yangu. Baba akachutama, akalichota jiwe, akalipima, akalitazama, akalisikiliza, akanisogezea.

"Hili?"

Nikanusa. Nikanusa tena. Mara ya tatu sikuwa na uhakika kama ni bahari ninayoisikia ama ni woga wangu mwenyewe.

"Baba, nikikosea?"

Angeweza kunidanganya, mtoto ni mtoto. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu mzima.

"Ukikosea tutafukuzwa sote wawili," akasema. "Nusa."

Nikanusa. Nikasema zima. Akasema hasa, na mara hii nilijua hasa yake ina thamani gani. Ilikuwa haimaanishi umepatia. Ilikuwa inamaanisha nimekuamini, haya, twende.

Shule ilikwisha yenyewe, siku moja moja, makasha yalipoongezeka. Mama alilia kwa hilo. Mimi sikulia. Mtu anaweza kukaa na kusema ningekuwa daktari, ningekuwa mwalimu. Mimi sina muda huo. Biashara ya mawe ilipokwisha nilikwisha kujua pale Liwatoni nani ni nani, nikaanza kununua samaki, kapu moja, halafu mawili, na hakuna mvuvi aliyeweza kuniuzia samaki wa jana. Kila nilicho nacho kimepitia kwenye matundu haya mawili. Lakini nasema kweli, tangu jioni ile sijapumzika. Kila ninapoinua kitu na kusema hiki kizima, bado nageuka kidogo, kama kuna mtu nyuma yangu, na bado papo patupu.

Wazazi wangu walikuwa na namna yao mpya baada ya hapo, na hiyo ndiyo ninayoikumbuka zaidi kuliko uvundo. Alhamisi iliyofuata baba alirudi kutoka msikitini akasimama mlangoni, hajui aseme nini, kwa sababu sasa kusema peponi kungekuwa uongo unaojulikana. Mama akamtoa kwenye shida. Alikuwa amesimama na kikuba chake, akamwambia kama anayemsomea mtu barua, "Udi, na asmini, na rehani kidogo. Kanzu yako nimeitia mawaridi."

Baba akatikisa kichwa polepole.

"Hasa," akasema.

Walifanya hivyo mpaka wakazeeka. Baba alitutoka mwaka jana. Mama anakaa kwangu, chumba cha chini, asipande ngazi. Miguu imemchoka lakini Alhamisi hajaiacha. Anaagiza makaa, anafukiza kitanda chake mwenyewe, na nikipita ukumbini huwa namsikia anavitaja vile vitu mle ndani, kwa sauti, halafu anangoja. Sikuwahi kuingia. Niliona si mahali pangu.

Alhamisi ya wiki ile ya umeme nilirudi nyumbani hoi, shombo mpaka kwenye nywele, nusu ya mali imetupwa. Mlango wa mama ulikuwa wazi, moshi unatoka. Nikamsikia.

"Udi," akasema. "Na asmini. Rehani leo sikupata."

Nikasimama mlangoni na mavazi yangu ya ghalani.

"Hasa," nikasema.

Hakushtuka. Alinigeukia, akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, mwanamke mzima na buti zake za mpira zenye magamba ya samaki.

"Vua viatu basi," akasema.

Nikavua. Nikaingia, nikaketi sakafuni kando ya kitanda, kichwa nikakiegemeza kwenye shuka lake, na kwa muda mrefu hakuna aliyeniuliza kitu.